Jinsi ya kumpa ndama probayotiki ili kupunguza mharo

Ndama wengi wa maziwa hufa katika wiki 3 za mwanzo, na muuaji mkubwa ni mharo. Vijidudu vya kiwele kichafu, sakafu na ndoo humwingia saa chache tu baada ya kuzaliwa. Probayotiki ni bakteria hai wanaowahi kushika nafasi kwenye utumbo: Lactobacillus, kwa mfano, hutoa asidi inayowabana kina E. coli, bakteria wanaoleta mharo. Kwa hiyo kuwahi ni muhimu kuliko jina la kampuni.

1. Dang'a kwanza, yaani maziwa ya kwanza ya mama, yenye kingamwili za kupambana na magonjwa. Probayotiki haina kingamwili. Ndama wa kilo 35 apate kama lita 2 za dang'a ndani ya saa 2, na nyingine kama hizo kabla ya saa 12. Siku ya kwanza ikipita, utumbo wake haupitishi tena kingamwili kwenda kwenye damu.

2. Soma pakiti kabla ya kulipa. Iwe na majina ya bakteria, idadi ya walio hai kwa kila gramu, kipimo cha ndama na tarehe ya mwisho. Ikiandikwa "bakteria rafiki" tu, iache. Angalia pia ilikuwa wapi dukani: Lactobacillus hufa kwa joto, na pakiti ya dirishani penye jua ni unga tu. Usipokuwa na friji, tafuta yenye bakteria wa Bacillus, maana mbegu zake (spora) huvumilia joto.

3. Changanya na maziwa ya uvuguvugu, nyuzi 38 hivi. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono, lisikuchome. Koroga kipimo kwenye kikombe kimoja cha maziwa hadi mabonge yaishe, umnyweshe hicho kwanza, ndipo umpe maziwa mengine. Akisusa katikati, dozi imeshaingia. Usitumie maji ya moto wala ya bomba yenye klorini.

4. Mpe kila siku, kuanzia siku ya 1 au ya 2 hadi wiki ya 3 iishe. Bakteria hawa hawaweki makao. Wengi hutoka na kinyesi. Rudia wakati wa kumwachisha maziwa. Daktari akiandika antibayotiki, maliza dozi kwanza, kisha urudishe probayotiki.

Mala ya kibuyu je? Mimi siwapi ndama wadogo: huwezi kujua ni vijidudu gani vimetawala humo. Na maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele au aliye kwenye dawa yasiguswe kabisa.

5. Kagua mkia asubuhi na jioni. Ukiwa umelowa na kinyesi ni maji ya njano au meupe, bana ngozi ya shingo uiachie. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde 2, au macho yamezama, ndama amekaukiwa. Mpe maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndama katikati ya milo, usimkatie maziwa, na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kisha nawa kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Bakteria wa Salmonella kutoka kwa ndama huambukiza watu.