Vifaranga wa goldfishi: namna ya kuwavusha wiki mbili za mwanzo

Wakuu mnaofuga goldfishi nyumbani, mayai kutotolewa sio kazi, kazi inaanza baada ya hapo, unakuta mtu alikuwa na vifaranga mamia, wiki haijaisha beseni liko tupu halafu anasema ni ugonjwa. Mara nyingi sio ugonjwa kabisa. Ni njaa, au ni chakula kilichozidi kikaozea chini, na vyote viwili vinakuja kwa sababu mtu anaanza kuhangaika na chakula wakati vifaranga washaanza kuogelea. Umeshachelewa hapo. Chakula kinatafutwa siku ile ile unayoona mayai.

Mayai ya goldfishi yananata, utayakuta kwenye majani ya tangi na kwenye kioo, na wazazi wenyewe wanayala kama mchezo, so toa yale majani yenye mayai uyahamishie kwenye chombo kingine chenye maji ya tangi hilo hilo. Beseni kubwa la plastiki linatosha, maji kina cha sentimita 15 hivi, sio zaidi, maana kifaranga inabidi apande juu kumeza hewa ya kujaza kibofu chake cha kuogelea. Weka mpira wa pampu ya hewa utoe mapovu machache. Mayai mazima yanakuwa na rangi ya kahawa ya maziwa hivi au yanaonyesha ndani, yale yanayogeuka meupe pe hayakurutubishwa, yatoe kabla ukungu haujahamia kwa wenzake. Kwa joto la nyuzi 22 hadi 26 watatoka ndani ya siku 3 mpaka 5.

Wakitoka utaona kama uzi mdogo wenye macho mawili, kamejibandika kwenye kioo hakaendi popote. Usiogope na usiwape kitu! Siku mbili hivi za mwanzo wanakula kiini walichobeba tumboni, ukimwaga chakula saa hizo unachafua maji tu. Subiri mpaka uone wameachia ukuta na wanaogelea mlalo wakitafuta, hapo ndo njaa imeanza na hapo ndo chakula kiwe tayari mkononi.

Sasa chakula chenyewe. Kama unaweza kupata mayai ya artemia nunua, mengine yote ni ya kusaidia tu. Artemia ni wadudu wadogo wa maji ya chumvi, mayai yao yanauzwa makavu kama vumbi la kahawia, wakitotolewa wana karibu nusu milimita na wanatingishika kwenye maji, kifaranga akiona kitu kinacheza anakirukia, hahitaji kufundishwa. Hata hapa kwetu wapo, kwenye mabwawa ya chumvi kaskazini mwa Malindi kule Gongoni walipandikizwa miaka ya 1980.

Kutotolesha ni hivi: chukua chupa ya soda ya lita moja na nusu, kata kitako, ipindue mdomo chini kifuniko kikiwa kimefungwa vizuri. Weka lita moja ya maji na chumvi kijiko cha chakula kimoja na nusu, hiyo ni kama gramu 25, chumvi ya mawe ni nzuri, na kama unakaa pwani maji ya bahari masafi yanafanya kazi vile vile. Tia mayai nusu kijiko cha chai, shusha mpira wa pampu ya hewa mpaka chini kabisa ili mapovu yatibue maji muda wote mayai yasitulie, weka taa karibu. Kwa joto la Dar au Mombasa saa 24 zinatosha, sehemu za baridi kama Arusha au Nairobi ongeza muda au weka hita. Ukiona maji yamekuwa rangi ya chungwa, zima pampu, acha dakika kumi hivi, maganda yanapanda juu na artemia wanashuka chini. Wavute na mpira mwembamba, wachuje kwenye kitambaa cha nailoni, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha wape. Maganda usiyaingize beseni, kifaranga hawezi kuyasaga. Na wape mapema, artemia akikaa nusu siku bila kula anakuwa ameshamaliza lishe yake mwenyewe. Yale mayai makavu yaliyobaki funga kabisa weka friji, unyevu wa pwani unayaua haraka sana.

Utajuaje wameshiba? Angalia tumbo. Kifaranga bado anaonyesha ndani, akila artemia tumbo linakuwa la chungwa, ukipita na tochi unawaona wote. Ambao tumbo liko wazi hawajapata. Wape mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, kile wanachomaliza.

Ukikosa artemia kabisa kuna kiini cha yai la kuku. Chemsha yai liwe gumu, chukua kipande kama kichwa cha kiberiti, kikamulie kwenye kitambaa ndani ya kikombe cha maji, halafu dondoshea kwa bomba la sindano matone tu. Kinashibisha ila kinaoza haraka mno, ukikitumia lazima ufyonze uchafu wa chini siku hiyo hiyo, asubuhi ya kesho umechelewa. Viluwiluwi wa mbu sio wa umri huu, ni wakubwa kuliko mdomo wao.

Maji ndo nusu ya pili ya kazi. Badilisha kama asilimia 30 kila siku, tumia ule mpira mwembamba wa hewa kufyonza chini, na fyonzea kwenye ndoo nyeupe ili ukivuta kifaranga umwone umrudishe. Maji mapya yawe yamekaa ndoo wazi siku nzima klorini (ile dawa ya maji ya bomba) itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini, na joto lifanane na la beseni. Filta tumia ya sponji tu, na ikitoka kwenye tangi linalofanya kazi ni bora zaidi kwa sababu ina bakteria wa kula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Filta za mota zinawanyonya wote.

Baada ya wiki mbili anza kuchanganya na chakula cha unga kilichosagwa laini sana, artemia punguza taratibu usikate ghafla. Hapo pia watenganishe, wengine watakuwa wameshakuwa mara mbili ya wenzao na wanakula wadogo kweli, hata uwape nini. Wagawe kwenye mabeseni mawili matatu, wakibanana wanadumaa.

Na usije ukadhani umepata samaki wa aina nyingine, vifaranga wa goldfishi wanaanza na rangi ya kijivu au kahawia ya tope, dhahabu inakuja baada ya miezi kadhaa, na wachache wanabaki hivyo hivyo maisha yote. Kama wamekuzidi gawa kwa majirani au peleka duka la samaki, mtoni au bwawani usiwamwage hata mmoja, wakishazoea huko wanachimbua chini wanakula mayai ya samaki wenyeji na kuwatoa tena haiwezekani.