Barua za oda zisiishie kwenye spamu

Mteja amelipa, oda imeingia, kisha anapiga simu: "Mbona kimya?" Ukikagua, duka lilimwandikia papo hapo, ila barua imelala kwenye spamu. Maduka mapya ya WooCommerce (programu ya duka la mtandaoni kwenye WordPress) ninayoitwa kurekebisha, shida ni hiyohiyo. Nembo na rangi zitasubiri. Tuanze na njia ya kutuma barua.

Hatua ya 1. Ingia WooCommerce, kwenye mipangilio ya barua pepe. Anwani ya mtumaji isiwe ya Gmail: seva yako haina ruhusa ya kutuma kwa jina la gmail.com. Tumia inayoanza na oda@ kisha kikoa chako, yaani jina la tovuti yako.

Hatua ya 2. Weka plagini (programu ya nyongeza) ya SMTP, yaani ya kutuma kupitia seva ya huduma ya barua; mimi hutumia FluentSMTP, ni ya bure. Jaza seva, jina, nenosiri na mlango (port) 587 (au 465). Achana na 25, mara nyingi umefungwa.

Hatua ya 3 ndiyo kazi yenyewe: rekodi tatu za DNS, yaani mipangilio ya kikoa chako. SPF ni rekodi ya maandishi (TXT) inayoanza na v=spf1, inataja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako. Iwe moja tu. Ukiongeza huduma nyingine, ichomeke ndani ya ileile. Mimi niliwahi kuweka ya pili pembeni, zote mbili zikawa hazifai kitu, siku nzima ikaniishia hapo. DKIM ni sahihi ya barua: ufunguo unapewa na huduma yako ya barua, unakili wote bila kukata herufi. DMARC humwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyofaulu ukaguzi huo, nayo inakaa kwenye jina _dmarc; anza na v=DMARC1; p=none. Tangu Februari 2024 Gmail inazidai zote tatu kwa wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku. Wewe hufiki huko, lakini hata mdogo hudaiwa SPF au DKIM.

Hatua ya 4. Weka oda halisi ya bei ndogo. Kwenye Gmail bonyeza nukta tatu, uione barua katika umbo lake la asili: SPF, DKIM na DMARC zote ziseme PASS.

Hatua ya 5. Sasa maneno. Anayelipa kwa benki hupata barua ya oda inayosubiri (on-hold), kwa hiyo maelekezo ya malipo yakae humo. Ile ya oda iliyokamilika hutoka pale tu unapobadilisha hali ya oda kuwa imekamilika. Usiibadilishe kabla bodaboda hajaondoka na mzigo, mteja asije akakesha mlangoni.