Gereji ndogo Kampala: lalamiko la ushindani lenye uzito

Wenye gereji ndogo, mkitaka kulalamika kwamba wakala aliyeuza gari anawazuia wateja kuja kwenu, anzeni na ushahidi. Wakala akimwambia mteja kwamba dhamana ya gari imekufa kwa sababu oili ilibadilishwa gereji ya Katwe au Ndeeba, mteja adai barua. Maneno ya mdomo hayafiki popote. Barua itaje kipengele cha dhamana na sehemu iliyoharibika.

Kila huduma iwe na kadi ya kazi: tarehe, kilomita, namba ya chasisi, daraja la oili (mfano 5W-30), lita zilizoingia, namba ya spea. Pigeni picha ya dashibodi na ya filta ikiwa bado kwenye boksi. Risiti ya spea kutoka soko la Kisekka ibandikwe hapo hapo. Filta ndiyo inayoua kesi. Ya bandia mara nyingi ina vali dhaifu ya kuzuia oili isirudi chini: oili inashuka usiku, asubuhi injini inagonga, na wakala anapata sababu halali.

Skana (kifaa cha kusoma hitilafu za gari) ikizuiwa kuingia kwenye kompyuta ya gari, hifadhini picha ya ujumbe huo.

Kusanyeni mafaili ya gereji kadhaa, mpeleke Wizara ya Biashara mkitaja Sheria ya Ushindani ya Uganda. Ila msipangiane bei ya kazi kwenye vikao vyenu. Sheria hiyo hiyo inakataza.