Kusanifu katoni ya chupa 12: wapi programu ya mtandaoni inatosha, na wapi lazima ushike kalamu

Wazalishaji wadogo wengi sasa wanasanifu vifungashio vyao wenyewe kwenye kivinjari. Unafungua Pacdora, au templatemaker.nl ambayo haitozi kitu, unajaza urefu, upana na kimo, na mchoro wa kukatia unatoka papo hapo. Kazi hiyo hiyo kwenye AutoCAD unaianza na ukurasa mtupu, mstari baada ya mstari. Kwenye ArtiosCAD ya Esko, ambayo ndiyo wahandisi wa vifungashio wanaitegemea, maumbo yamo tayari, ila leseni yake si ya mfuko wa mzalishaji mdogo.

Natumia za aina zote mbili. Msimamo wangu ni kwamba programu ya mtandaoni inajua umbo, haijui mzigo. Umbo iachie. Mzigo upige hesabu mwenyewe. Tufanye hivyo kwa katoni ya kusafirishia chupa 12 za kioo za mafuta ya nazi, nusu lita kila moja, chupa yenye kipenyo cha milimita 70 na kimo cha milimita 200.

Hatua ya 1: Pima bidhaa

Pima chupa kadhaa kwa kalipa, uchukue kipimo cha ile nene kuliko zote. Zipange nne kwa tatu. Kioo kisigusane na kioo, kwa hiyo kati ya chupa weka vigawanyo vya kadibodi vya milimita 3. Urefu wa ndani ni 280 za chupa, 9 za vigawanyo vitatu na 4 za nafasi ya kupumulia: 293. Upana ni 210, 6 na 4: 220. Kimo ni 200 na 3: 203. Ukiandika 293 × 220 × 203, vipimo vya ndani, kwa milimita na kwa mfuatano huo, kiwanda chochote cha maboksi kitakuelewa.

Hatua ya 2: Chagua umbo kwa namba yake

Katoni za mawimbi, yaani za kadibodi yenye tabaka la mawimbi katikati, zina orodha ya kimataifa ya maumbo ya FEFCO, shirikisho la watengenezaji wa kadibodi hiyo la Ulaya. Tunayoitaka ni 0201, katoni ya kawaida kabisa ya dukani: mabawa (vipande vya kufunikia juu na chini) yote yana urefu mmoja, na yale mapana hukutana katikati. Tafuta namba hiyo ndani ya programu. Ukichagua kwa kuangalia picha tu, ni rahisi kuchukua umbo linalofanana nalo ambalo kiwanda chako hakina mashine yake.

Hatua ya 3: Ingiza unene, kisha kagua

Herufi hutaja ukubwa wa wimbi: kadibodi ya wimbi E ina unene wa karibu milimita 1.5, B karibu 3, C karibu 4. Kwa kioo tutumie C. Kadibodi ikikunjwa inakula nafasi ya ndani, kwa hiyo kila ubavu unaongezwa unene mmoja, na kimo kinaongezwa mara mbili yake. Mbavu zinakuwa 297 na 224, kimo 211. Bawa ni nusu ya 224, yaani 112. Ulimi wa gundi ni 35. Ubavu wa mwisho punguza milimita 2 ili katoni ifunge bila kubana.

Karatasi ikiwa bapa inatoka 1075 × 435. Sasa ilinganishe na ya kwenye skrini. Programu ikikupa urefu wa 1061, imejumlisha vipimo vya ndani na ulimi tu, unene imeusahau, na chupa hazitaingia. Ikitofautiana nawe kwa milimita moja mbili, usigombane nayo: kila kiwanda kina nyongeza zake kulingana na mashine, na neno la mwisho ni la kiwanda.

(Wapo wanaochora maboksi kwenye SolidWorks kwa kutumia zana za bati. Inawezekana, lakini bati linapopindwa hutanuka kwa nje, na kadibodi husagika kwenye mstari wa mkunjo. Usiziamini nyongeza zake za mkunjo bila kuzirekebisha.)

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mzigo

Hapa ndipo katoni nzuri za mtandaoni zinapobomokea ghalani. Picha ya pande tatu inazunguka vizuri kwenye skrini, lakini haikuambii katoni ya chini itabeba nini.

Tumia fomula ya McKee ya mwaka 1963. Nguvu ya katoni kwa nyutoni ni 5.87, mara nguvu ya ukingo wa kadibodi, mara kipeuo cha pili cha unene uliozidishwa kwa mzunguko wa katoni. Nguvu ya ukingo muulize muuzaji. Huandikwa ECT, kwa kilonyutoni kwa mita, na namba hiyo ndiyo hiyo hiyo kwa nyutoni kwa milimita. Tuseme ni 5. Mzunguko ni 2 × (293 + 220) = 1026. Ukizidisha kwa 4 unapata 4104, ambayo kipeuo chake cha pili ni kama 64. Basi 5.87 × 5 × 64 ni karibu nyutoni 1880, sawa na kilo 190. Fomula hii inafaa pale mzunguko usipozidi kimo mara saba. Hapa ni mara tano, tuko salama.

Chupa tupu ina gramu 300 hivi na mafuta yake gramu 460, kwa hiyo katoni iliyojaa ni karibu kilo 9.5. Ukipanga sita kwenda juu, ya chini inabeba tano: kilo 47.5. Tuna nguvu mara nne ya mzigo.

Usifurahi mapema. Maabara hupima kadibodi kwenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50. Ghala la Tanga au Mombasa wakati wa masika liko mbali sana na hapo, na kwenye unyevu wa asilimia 90 katoni hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kadiri inavyokaa chini ya mzigo ndivyo inavyozidi kuchoka. Kwa hiyo mara nne naiona ni kiwango cha chini kwa pwani, na sita ndiyo kikomo. Mteja akitaka nane, agiza kadibodi yenye ECT kubwa zaidi.

Hakikisha pia mawimbi yanasimama wima kwenye kuta. Chora mshale wa mwelekeo wake kwenye faili, kwa sababu programu nyingi za kivinjari haziuweki. Na panga katoni pembe juu ya pembe: sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na pembe.

Hatua ya 5: Maandishi na rangi

Hapa programu ya mtandaoni inang'aa, itumie kwa raha. Kumbuka tu kwamba kwenye kadibodi ya kahawia rangi moja au mbili nzito hutoka vizuri, na herufi nyembamba huziba wino. Msimbo wa pau wa katoni ya nje ni ITF-14. Uweke ubavuni, mbali na mikunjo.

Hatua ya 6: Toa faili na upime tena

Toa PDF na DXF, faili ya michoro inayosomwa na mashine za kukatia. Mistari ya kukata, ya kukunja na michoro ya kuchapwa iwe kwenye tabaka tofauti. Kisha fungua faili kwenye programu nyingine na upime ubavu mmoja. Faili ya mchoro ya SVG isiyo na vipimo, ukiitoa Inkscape inayohesabu nukta 96 kwa inchi na kuifungua Illustrator inayohesabu 72, inakua kwa theluthi moja. DXF inayosomwa kwa inchi badala ya milimita inakua mara 25.4. Weka mstari wa milimita 100 pembeni ya mchoro na uandike "100 mm", ili mtu wa kiwandani aone kosa kabla ya kisu cha kukatia katoni kutengenezwa.

Hatua ya 7: Dai sampuli nyeupe

Usilipie uchapishaji kabla ya kupata katoni moja isiyochapwa, iliyokatwa kwa kadibodi ile ile utakayonunua. Ijaze chupa 12, ifunge kwa utepe, itikise. Usisikie kioo kikigonga. Weka juu yake ubao na mifuko ya mchanga ya kilo 50, iache ghalani kwako, si ofisini kwenye kiyoyozi, kwa wiki nzima. Kuta zikianza kuvimba kwa nje, rudi hatua ya 4 na uongeze ECT.