Siku moja Singapore kwa mtu wa Dodoma: mitaa mitatu, laini moja ya treni

Wadau, siku hizi wengi mnapita Singapore, wengine semina, wengine mnaunganisha ndege mnabaki na siku nzima mkononi, halafu mnaimalizia kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi mkitazama vitu ambavyo hamnunui. Nawaomba kabisa msifanye hivyo. Panda treni ya mjini, laini ya bluu inaitwa Downtown, inakufikisha Little India, Bugis na Chinatown bila kubadilisha treni, kadi ya benki ya Visa au Mastercard unaigusisha getini unapita, ukishuka unagusisha tena. Humo ndani usile wala usinywe, hata maji, faini inafika dola 500 za kwao.

Fomu ya kuingia nchini inaitwa SG Arrival Card, unaijaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure, kwa hiyo tovuti ikikuomba hela achana nayo. Saa zao zimetutangulia masaa matano. Joto la Dodoma ni kavu na kuna upepo, la kule linanata mwilini kama Dar mwezi wa pili na mvua inashuka ghafla tu, beba mwamvuli, vaa viatu vya kuvua haraka maana utaingia nyumba nyingi za ibada, na tia kanga moja kwenye begi ya kujifunika mabega au miguu. Mimi kanga yangu ilinisaidia kuliko kitu chochote nilichobeba.

Anza Little India asubuhi, saa mbili hivi, kwa sababu mahekalu ya Kihindu mengi yanafunga mchana. Ukitoka stesheni, jengo la Tekka liko hapohapo, chini ni soko na vibanda vya chakula, chukua prata, ni chapati ya kukunja inayoliwa na mchuzi, na chai ya kuvuta, teh tarik, wanaimimina kutoka juu mpaka inatoa povu. Ukikuta pakiti ya tishu mezani usiiondoe, mwenyewe ameshika nafasi kaenda kupanga foleni. Mimi niliisogeza nikakaa, mama mmoja akaja akanieleza taratibu, nikamwomba radhi. Na ukimaliza rudisha trei mwenyewe, ni sheria tangu 2021. Halafu tembea Serangoon Road mpaka hekalu la Sri Veeramakaliamman, ila kabla hujafika pita Buffalo Road na Kerbau Road, kerbau kwa Kimalay ni nyati wa kufugwa, eneo hili lilikua kwa biashara ya mifugo, na sisi tunaotoka Ugogoni tunajua mnada wa ng'ombe unavyozaa mji.

Vituo viwili mbele ni Bugis, hapo unatembea kidogo unaingia Kampong Glam, kampong maana yake kijiji. Hapa ndipo mimi ningekaa muda mrefu kuliko kote. Mwaka 1822 Raffles, Mwingereza, aliagiza mji upangwe kwa asili za watu, Wachina upande wao, Wamalay na Waarabu upande huu, na mtu aliyekulia kwenye miji yetu yenye Uzunguni na Uhindini hahitaji kuelezwa zaidi. Msikiti wa Sultan unaouona leo ulikamilika 1932, angalia ule mkanda mweusi chini ya kuba la dhahabu, ni vitako vya chupa, vilichangwa ili na maskini nao wawe na sehemu yao kwenye jengo. Mgeni anaingia nje ya saa za swala, siku ya Ijumaa panga kwingine.

Sasa tega sikio. Salamu ya Wamalay ni apa khabar, yaani habari. Meza ni meja, sabuni ni sabun, nanasi ni nanas, na dunia ni dunia vilevile, na bendera ni bendera! Maneno yamesafiri baharini na Waarabu na Wareno yakafika kwao na kwetu. Nilimsalimia mzee wa duka la vitambaa Arab Street hivyo, tukakaa tunahesabu maneno mpaka wateja wakaanza kuchangia. Mchana kula murtabak North Bridge Road mkabala na msikiti, ni ndugu wa chapati mayai ila ndani ina nyama, na kama unakula halali shiba hapa, maana Chinatown nguruwe ni mwingi na itabidi utafute kibanda chenye alama ya halal.

Jioni shuka Telok Ayer, kituo kimoja kabla ya Chinatown. Hekalu la Thian Hock Keng lilikamilika 1842 likitazama bahari, mabaharia na wahamiaji kutoka China wakifika salama walishukuru hapo, leo bahari imefukiwa na mbele yake ni maghorofa. Kutoka hapo tembea mpaka South Bridge Road, utakuta msikiti wa Jamae na hekalu la Kihindu la Sri Mariamman vimetenganishwa na nyumba chache tu, vyote vilianzishwa miaka ya 1820, na mbele kidogo hekalu la Kibudha la jino la Buddha, jipya, la 2007. Mkabala nalo ni Maxwell, vibanda vya chakula, wali kuku wa Kihainan ni kama dola tano au sita. Ukiagiza kahawa sema kopi-o kosong kama unataka nyeusi bila sukari, usiposema unaletewa yenye maziwa ya kopo, tamu sana.