Jumamosi saa tisa: namna ya kwenda mpirani Uingereza

Kama umetua Uingereza ukitokea kwenye vibanda umiza vya nyumbani, Old Trafford na Emirates ziache kwanza. Tiketi ni ghali, tena kuzipata ni kazi. Anza na klabu ndogo ya hapo unapoishi. Mimi niko Sheffield, na ndugu yeyote anayehamia hapa nampeleka Sandygate, uwanja wa klabu ya Hallam. Timu iko ligi za chini sana, lakini tarehe 26 Desemba 1860 ilicheza papo hapo na Sheffield FC, klabu iliyoundwa 1857, kongwe kuliko zote duniani. Kiwanja ni kilekile, na ukisimama pembeni utaona kilivyoinama.

Jumamosi saa tisa alasiri, mechi nyingi zinapoanza, usipange jambo jingine. Sheria ya viwanda ya 1850 iliwafungulia wafanyakazi wa viwanda vya nguo saa nane mchana siku hiyo, na mpira ukakua katika nafasi hiyo. Hata leo, kwa kawaida, televisheni za Uingereza hazirushi mechi mubashara kuanzia saa 8:45 mchana hadi 11:15 jioni, ili watu waende viwanjani.

Vaa nguo nzito kuliko unavyodhani inatosha, na soksi mbilimbili. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi, kwa hiyo Alasiri iswali nyumbani. Magharibi itaingia wakati wa mapumziko. Mimi hubeba mswala mwepesi, nikaswali nyuma ya jukwaa, na sijawahi kusumbuliwa. Kwenye chakula uliza mapema. Nyama ya pai mara nyingi si halali, na chipsi nazo huku Yorkshire, eneo lenye Sheffield, wengi huzikaangia mafuta ya ng'ombe. Chai ya maziwa haina shida.

Kwenye viwanja vikubwa mashabiki wa timu mbili hutenganishwa, kwa hiyo usiingie upande wa wenyeji na skafu ya wageni. Huku ligi za chini, simama popote. Wazoefu hukaa nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia, na kipindi cha pili huhamia upande wa pili. Hama nao. Mzee aliye jirani yako huenda asikusalimie. Mwanzie wewe, kwa hali ya hewa, kisha muulize ameanza kuja hapa lini. Atakusimulia mpaka filimbi ya mwisho. Waingereza wengi niliowafahamu kwa kina nimewapatia pale, si kazini.

Ukipenda kurudi, jitolee. Mkata tiketi, mfyeka nyasi na mpika chai wa klabu kama hizi mara nyingi hawalipwi, na mikono haijawahi kutosha. Mechi ikiisha, mfuate anayefungua nyavu umwambie, “Nikusaidie?” Wiki inayofuata watakuita kwa jina, na huenda ukapata nafasi kwenye gari la kwenda mechi ya ugenini.