Kubadilisha paneli za nje za jakuzi zilizochakaa

Kwanza zima umeme kwenye breka kabisa, sio ile batani ya juu tu, maana nyuma ya paneli ndo kuna pampu na hita. Maji usimwage, hamna haja. Anza kufungua skrubu upande wa pampu, paneli ikitoka nzima itumie kupimia mpya, na ukikuta fremu imeoza badilisha hapohapo jamani, usifunike uozo. Mbao inapendeza ila karibu na bahari mi naona bora plastiki ngumu, na skrubu ziwe za stenlesi, za kawaida zinaliwa na kutu fasta sana. Acha uwazi wa milimita 3 hivi kati ya paneli coz jua linazitanua, matundu ya hewa usiyazibe, na upande wa pampu usipige gundi, fundi atahitaji kuingia.